Ryzen 5 5600 na RX 6600: seti ya kwanza ya gemu kwa mkazi wa Kisumu

Seti tunayoipima ni hii: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550, RAM ya DDR4 GB 16, kadi ya picha ya Radeon RX 6600, SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya TB 1 na pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 550. Kwa anayejijengea kompyuta ya kwanza na ana monita ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), tunaipendekeza bila kusita. Ila ikifika Kisumu, kinachoamua itadumu au haitadumu ni vile vifaa viwili ambavyo wanunuzi wengi huvinunua kwa chenji iliyobaki: pawasaplai na kasha.

Tuanze na pawasaplai. Igeuze ubavu usome kibandiko chake, achana na maandishi ya boksi. Tafuta safu ya volti 12, kisha zidisha ampea zake kwa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 huandikwa ampea 45 hivi, yaani wati 540. Zile nyepesi zinazokuja ndani ya kasha hubeba "600W" kwa herufi kubwa, lakini ukifika kwenye safu ya volti 12 unaweza kukuta ampea 18. Hizo ni wati 216, na prosesa na kadi zote mbili hula hapo hapo. Seti hii ikicheza gemu haifiki wati 300, na kadi peke yake ni 132. Ukiifunga kwenye pawasaplai ya aina hiyo itawaka, itafungua Windows, itaonyesha video mchana kutwa, halafu itajizima ghafla gemu ikianza kukolea. Hapo kadi ndiyo hulaumiwa na kurudishwa dukani bila kosa.

Alama ya 80 Plus Bronze ni nzuri, lakini inapima umeme unaopotea kama joto, haipimi ulinzi. Kwa hiyo tazama pia dhamana: miaka 3 na kuendelea ndiyo tunayoikubali. Kebo ya kadi na ya prosesa zote zina pini 8 na zinafanana kwa mbali. Ya kadi imegawanyika 6 na 2, ya prosesa 4 na 4. Usilazimishe moja iingie mahali pa nyingine.

Kuna stima yenyewe. Ukanda wa ziwa hadi Kisii na Kakamega una ngurumo nyingi, na umeme unaopotea na kurudi mara tatu kwa dakika moja huumiza kuliko ule uliokatika moja kwa moja. Nunua UPS (betri inayoshika stima ikikatika) yenye kidhibiti cha volti ndani yake, na usome wati, yaani nguvu halisi, badala ya VA, ile namba kubwa ya kwenye boksi: nyingi za VA 650 hazifiki wati 400, na za VA 1000 hutoa 600 hivi. Kwa seti hii pamoja na monita, chukua ya 1000. Ekstensheni yenye kinga ya mshtuko (umeme unaopanda ghafla) haifanyi kazi ipasavyo kama soketi ya ukutani haina waya wa athi, na nyumba nyingi za kupanga hazina. Mwite fundi wa stima apime kwanza. Radi zikianza, chomoa plagi na kebo ya intaneti pia, maana mshtuko hupitia huko vilevile.

Sasa joto. Chumba cha Kisumu mchana hukaa karibu nyuzi 30, na kila nyuzi moja ya chumba huongeza karibu nyuzi moja kwenye chipu. Ryzen 5 5600 huja na kipozajoto chake kidogo, Wraith Stealth. Kwa mtu wa Nakuru kinatosha, kwa kuwa mji uko juu na usiku una baridi. Kisumu tunashauri cha mnara mmoja chenye feni ya milimita 120. Prosesa ikikaribia kikomo chake hupunguza kasi yenyewe, na wewe unaona tu gemu imeanza kukwama bila sababu.

Kasha liwe na wavu mbele. Kioo kitupu mbele na taa za rangi ni kosa tunaloliona kila mara: hewa haipiti. Feni 2 mbele zivute ndani, 1 nyuma itoe, ili hewa iingie kwa kupitia kichujio badala ya kunyonywa kwenye kila ufa. Kisumu kuna vijidudu vya ziwani vinavyofuata mwanga usiku. Kompyuta yenye taa iliyowekwa chini ya dirisha huvikusanya kwenye kichujio hadi kinaziba kama kitambaa. Nakuru shida ni vumbi laini la miezi ya kiangazi. Kote kuwili, osha kichujio kila mwezi, ukikaushe kabisa kabla ya kukirudisha.

RX 6600 yenyewe haina mambo mengi: GB 8 za kumbukumbu, kebo moja ya pini 8, na inazibeba gemu nyingi za 1080p kwa mipangilio ya juu. Tunaiweka mbele ya RX 6500 XT, ambayo ina GB 4 tu na hutumia njia 4 za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), hivyo huumia sana kwenye mazabodi ya zamani. RTX 3050 ipo ya GB 8 na ya GB 6, na si kumbukumbu peke yake iliyopungua: ya GB 6 ina viini (vitengo vidogo vya hesabu ndani ya chipu) 2304, ya GB 8 ina 2560. Kwenye mtumba, jihadhari na RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Jina ni la 580 lakini ina viini 2048 badala ya 2304. Fungua GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi, mbele ya muuzaji, soma idadi ya viini, ndipo ulipe.

Usidanganyike pia na kompyuta za ofisini za mtumba, ukafikiri utachomeka kadi tu na kazi imeisha. Nyingi zina pawasaplai ya umbo lake pekee isiyo na kebo ya kadi, na zile nyembamba hazina hata nafasi ya kadi ya kawaida.

Mazabodi: B450, iliyotangulia B550, ikiwa ya stoo inaweza kuwa na BIOS (programu ya kuwashia mazabodi) ya kale isiyoitambua 5600, ambayo ilitoka 2022. Hata B550 za mwanzo, za 2020, zinaweza kuhitaji BIOS mpya. Chagua yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa, flashi iwe FAT32, na ufanye hivyo ikiwa kwenye UPS. Stima ikikatika katikati, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka.

RAM iwe vipande 2 vya GB 8, vya kasi ya 3200. Kipande kimoja cha 16 hupunguza fremu (picha kwa sekunde) waziwazi. Vitie kwenye nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ukibonyeza hadi usikie "ta". Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa, la sivyo zitakimbia kwa kasi ya chini, pengine 2133 au 2400.

Kosa la siku ya kwanza ni kebo ya monita. 5600 haina chipu ya picha ndani yake, hivyo ukichomeka kwenye mazabodi skrini itabaki nyeusi hata kama kila kitu ni kizima. Chomeka kwenye kadi. Anayetaka kuanza bila kadi achukue 5600G, ambayo inayo, akijua kashe yake (kumbukumbu ya kasi ndani ya prosesa) ni nusu, MB 16 badala ya 32, na kwamba kadi ikija baadaye fremu zitakuwa chini kidogo.

Kipozajoto kikihitaji kutolewa, iwashe mashine dakika 10 ili krimu ya joto ilainike, izime na uchomoe plagi, halafu zungusha kipozajoto kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta juu kwa nguvu prosesa hung'oka nacho ikiwa bado imefungwa kwenye soketi, na pini za AM4, soketi ya prosesa hizi, ziko kwenye prosesa yenyewe. Zikipinda, ni kuzinyoosha moja moja kwa wembe.

Kama mashine imeunganishwa Nairobi na inasafirishwa kwa basi, mwambie fundi aitoe kadi na kuipakia kwenye boksi lake. Kilomita 350 za matuta, kadi ikiwa inaning'inia, zinatosha kupasua sloti. Ikifika, ichezeshe gemu nzito saa 2 mfululizo siku hiyo hiyo, risiti ikiwa mkononi.