Kukodi baiskeli Hell's Gate: kagua breki kwanza, halafu ufurahie

Watu wa Nakuru na Kisumu wamekuwa wakiniuliza kama kweli inafaa kutoa pesa kukodi baiskeli katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, au ni heri kuingia na gari. Jibu langu ni baiskeli, tena bila kusita. Sharti ni moja tu: baiskeli iwe nzima. Mbuga yenyewe haitakuangusha. Kinachoweza kukuharibia siku ni breki isiyoshika au tairi lililokwisha meno, na hayo yote unaweza kuyaona kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa anayetoka Nakuru, safari ni nyepesi. Unapanda matatu hadi mjini Naivasha, kama kilomita 70, kisha nyingine inayopita barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha. Mwambie makanga akushushe njia panda ya lango la Elsa, la kuingilia mbugani. Mabanda ya kukodisha baiskeli utayaona hapo hapo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo fungua akaunti ukiwa nyumbani na simu iwe na chaji, la sivyo utasimama langoni ukihangaika na mtandao huku jua linapanda.

Banda tulilochagua mimi na binamu yangu lilikuwa na baiskeli nyingi zimeegemezwa uani, zote zimepakwa rangi na kupanguswa vumbi. Rangi isikudanganye. Ya kwanza niliyopewa, nilibana breki ya mbele nikaisukuma. Gurudumu la nyuma likanyanyuka, ikawa sawa. Nilipobana ya nyuma, mkono wa breki ulienda hadi ukagusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Nikainama kutazama. Mipira ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana, na kwenye rimu kulikuwa na mchirizi unaong'aa pale chuma kilipokuwa kikikwaruza. Kijana wa banda akachukua plaizi, akavuta waya, akaniambia, "Sasa iko poa, bosi." Haikuwa poa. Waya ukivutwa hauongezi mpira. Nikamwomba kwa heshima aniletee nyingine, akaleta, na hiyo ndiyo niliyoendesha siku nzima: gia zinaingia bila kuruka, shokapu za mbele zinabonyea na kurudi, tairi ni pana na zina meno. Bei haikubadilika hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi katika biashara hii, kwamba baiskeli mbovu na nzima hukodishwa kwa pesa ile ile, na anayeumia ni mgeni asiyejua pa kutazama.

Kiti nacho usikiache walivyokuwekea. Mara nyingi huwa chini mno. Kipandishe hadi mguu ukaribie kunyooka pedali inapokuwa chini, la sivyo magoti yataanza kuuma kabla hujafika mbali. Helmeti pia uijaribu kichwani, maana nyingine mikanda yake imekatika na zinakaa pale kwa maonyesho tu.

Sasa mbuga. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, nayo ni ndogo, kama kilomita za mraba 68. Ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, inakuruhusu kuingia kwa miguu au kwa baiskeli. Simba hawana makao humo, na chui ni nadra kuonekana. Mnyama wa kuchungwa ni nyati. Ukishapita lango, kuta za mawe zinainuka pande mbili na barabara inapita katikati, nyasi zimekauka, vichaka vya leleshwa na migunga ya miiba vimetapakaa. Milima ya Nyandarua huzuia sehemu kubwa ya mvua kufika upande huu, ndiyo maana kukawa hivi hali ziwa lenye viboko liko jirani.

Mnara wa Fischer ndio wa kwanza kuuona, kama mita 25 kwenda juu. Ni lava iliyoganda ndani ya koo la volkano, kisha mwamba laini ulioizunguka ukamomonyoka na kuiacha imesimama peke yake. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Pimbi wamejaa miguuni pake, na siku ile kulikuwa na vijana wanaupanda kwa kamba. Hapo tulisimama kidogo tu, kwa sababu utamu uko mbele.

Ukiwa ndani ya gari huwezi kusikia punda milia wakikata nyasi. Juu ya baiskeli unawasikia. Tuliacha kupiga pedali, tukaziachia baiskeli zijiendee zenyewe, na kundi lile halikukimbia. Waliinua vichwa, wakatutazama, wakaendelea kula. Twiga wawili walivuka barabara mbele yetu bila haraka yoyote. Nimeingia mbuga kadhaa kwa gari na nilizifurahia, lakini sijawahi kuhisi kuwa niko pamoja na wanyama kama nilivyohisi hapo, hakuna kioo, hakuna injini.

Kwa nyati mambo ni tofauti. Walikuwa upande wa kushoto, karibu na barabara, na mmoja alikuwa amesimama akitukodolea macho. Tulisimama mbali, tukangoja gari la watalii litokee nyuma yetu, tukamwomba dereva aende polepole, nasi tukapita upande wa pili wa gari hadi tukavuka. Fanyeni hivyo. Msijaribu kuwakimbia kwa kuongeza mwendo.

Barabara ya kutoka langoni hadi kwenye korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, na hata asiyezoea anaimudu. Magari yameichonga mawimbi yanayotikisa mikono hadi mabegani, kwa hiyo shika ukingo, ambako kuna udongo uliogandamana. Kuna mahali vumbi limelala laini kama unga wa ngano. Ukifika hapo usibane breki ya mbele. Ingia ukiwa kwenye gia nyepesi, rudisha uzito nyuma, uendelee kukanyaga. Binamu yangu kutoka Kisumu, ambaye kule hupanda baiskeli kila siku, alianza kuhema mapema sana. Si ajabu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Naivasha lenyewe liko karibu mita 1,880, na mbugani unapanda zaidi. Anayetoka sehemu za chini kama Kisumu aende taratibu saa ya kwanza.

Kisha miiba. Tairi la binamu lilianza kulala tukiwa katikati ya njia, na baiskeli zetu zilikodishwa bila pampu, bila kiraka. Bahati nilikuwa nimebeba vyangu. Tulitoa tyubu, tukapata tundu, lakini kabla ya kubandika kiraka nilipitisha kidole polepole ndani ya tairi hadi nikaguswa na ncha ya mwiba wa mgunga, imebaki ndani huku nje haionekani. Ukiisahau hiyo, kiraka chako hakitafika kilomita moja. Mwenye banda anayepeleka wateja kwenye nyika ya miiba anajua hili vizuri. Kumpa mteja pampu na kiraka ni jambo dogo, na ningelipa zaidi kidogo kwa ajili yake.

Kwenye korongo la Ol Njorowa unaacha baiskeli kwenye kituo cha askari wa mbuga. Funga kufuli, na usiache chakula kwenye begi, nyani na tumbili wanajua kufungua zipu. Korongo lilichongwa na maji yaliyokuwa yakifurika kutoka ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, na hata sasa utakuta maji ya moto yakichuruzika kwenye mawe. Shuka tu na mwongoza wageni, na tu kama askari wameruhusu siku hiyo. Mafuriko ya ghafla yameua watu humu, mwaka 2012 na tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali huko juu, kwako jua linawaka, na maji yakakujia ukiwa mahali pembamba pasipo na pa kukimbilia. Ukiambiwa leo hapana, kubali.

Kwa wanaotaka kupima miguu yao, msirudi kwa njia mliyojia. Pandeni Buffalo Circuit, njia ya mzunguko inayopita juu milimani. Hapo ndipo baiskeli ya milimani inapofanya kazi iliyoumbiwa: mlima wa mawe yanayoteleza, makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua, kisha mteremko ambao breki zangu mbili nzima ziliniokoa mara nyingi. Njiani utaona vipande vyeusi vinavyong'aa, hiyo ni kioo cha volkano, ambacho watu wa kale wa bonde hili walikichonga visu na ncha za mikuki. Usivipitie juu kwa tairi, vina makali. Kule juu unaona mlima Longonot, mita 2,776, na upande mwingine mvuke mweupe wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Tulikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopanga na sijutii.

Maji tulibeba lita tatu kila mtu na yaliisha yote. Ndani ya mbuga usitegemee kununua. Kurudi langoni kutoka kwenye korongo kuna mpando mrefu usioonekana kwa macho lakini miguu inaujua, basi anza kurudi mapema, saa tisa hivi. Ukirudisha baiskeli kabla ya saa kumi na moja, matatu za kwenda Naivasha mjini bado zinapita kwa wingi, na za Nakuru utazikuta stendi.