pybind11 na majina yenye é: nyota nne na nusu

Kama unaandika Python halafu kuna sehemu nzito umeiweka C++, aisee tumia pybind11, maktaba ya kuunganisha Python na C++, na mi naisifia hasa kwa jinsi inavyobeba maandishi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Sisi huku Kigoma tunakihitaji kitu kama hiki. Mizigo ya pale bandarini Kibirizi ina wenyewe wa Kongo na Burundi, kina Zoé, kina Désiré, na majina yao wanayaandika na alama zake, sasa chukua hilo Désiré, Python inahesabu herufi 6 lakini likivuka kwenda C++ linakuwa baiti 8 maana kila é kwenye UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti, inakula baiti mbili. pybind11 inageuza yenyewe, we unaandika tu kwamba funksheni inapokea std::string, yaani stringi ya C++, basi, habari za PyArg_ParseTuple, ile njia ya mkono ya kupokea data kutoka Python, unazisahau, na stringi inakopiwa na urefu wake kamili kwahiyo hata kukiwa na baiti ya sifuri katikati haikatiki.

Pa kuwa makini ni kwenye kurudi. Std::string inayotoka C++ inachukuliwa kuwa ni UTF-8, ukilikata Désiré kwenye baiti ya 7 ili litoshee kwenye lebo ya mzigo umeshaipasua é ya mwisho, na Python inakurushia UnicodeDecodeError, yaani kosa la baiti zisizosomeka, palepale. Hiyo naipenda sana, bora igome kuliko jina la mtu litoke limeharibika kwenye karatasi anayodaia mzigo wake! Kama una mafaili ya zamani ya Latin-1, mfumo mwingine wa herufi ambako é ni baiti moja tu, rudisha py::bytes, yaani baiti ghafi, halafu fanya decode('latin-1') upande wa Python, mambo yanaisha.

Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya string_view, aina nyingine ya C++ ya kupokelea stringi. Yenyewe haikopi, inachungulia memori ya Python moja kwa moja, kwa maandishi marefu ni raha tupu, ila ukiitunza baada ya funksheni kuisha na ile stringi ikishafutwa unabaki umeshika pointa ya hewa, inayoonyesha memori isiyo yako tena, na kompaila wala haikuambii chochote. Kukompaili nako kunachukua muda, laptopu yenye RAM ndogo inalemewa kweli, gawa kodi yako ya C++ kwenye mafaili kadhaa. Kuipata ni pip install pybind11 tu, ni mafaili ya heda (header) ya C++ matupu, hata kwa bando la simu inashuka fasta.