TAHADHARI: Mita za "mikrovolti" zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp

Ndugu mafundi, hasa mnaoshughulika na oveni za mikate, sola na mizani ya kielektroniki: kuna muuzaji anatangaza mita ya mkononi ya kupimia umeme "inayosoma mikrovolti" (mikrovolti 1,000 ni milivolti 1, na milivolti 1,000 ni volti 1) kwa shilingi 35,000. Msimtumie hela. Wenzetu waliokwisha kulipa wameniletea mita zao, nikazifungua. Ni zile ndogo za bei rahisi tunazozijua, ambazo kipimo chake cha chini kabisa ni milivolti 200. Alichofanya ni kubandika stika ya 200µ (mikrovolti) juu ya 200m (milivolti). Stika tu! Tarakimu ya mwisho, yaani hatua ndogo kabisa inayoweza kuonyesha, bado ni mikrovolti 100.

Hasara yake ni hii. Themokapo (kihisi joto cha nyaya mbili za metali tofauti) ya aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Oveni ikiwa nyuzi 200 na chumba nyuzi 25, unapata kama milivolti 7.1. Mita hiyo itaandika 07.1, nawe ukiiamini stika utasema ni mikrovolti 7, themokapo imekufa, inunuliwe nyingine. Mwoka mikate wa watu anatoa hela yake kwa kitu ambacho ni kizima.

Muuzaji huyu hakubali kukutana: anataka hela kwanza, kisha anakublok. Akijitokeza mwingine mwenye mita kama hiyo, ijaribu mbele yake. Unga risista ya kiloomu 100 na ya omu 10 kwa mfuatano kwenye betri ya volti 1.5, halafu pima kwenye ile ya omu 10. Hapo pana mikrovolti kama 150. Mita ya kweli kwenye 200µ itasoma karibu na hapo. Hii ya stika itaonyesha 00.1 au 00.2. Usishike maungio wakati wa kupima, maana joto la vidole panapokutana metali mbili tofauti huzaa mikrovolti zake.

Linaloniuma zaidi ni usalama. Usoni mita imeandikwa CAT III 600V (yaani eti ni salama kwenye nyaya za umeme za jengo hadi volti 600), kumbe ndani tundu la 10A, la kupimia mkondo hadi ampea 10, halina fyuzi kabisa. Fundi akisahau waya humo akagusa fezi mbili, inalipukia mkononi. Msiwape vijana wanaojifunza.

Mita za mkononi zinazosoma mikrovolti 1 zipo kweli, ila si kwa bei hiyo. Mliokwisha kutuma hela, msifute meseji za muamala wala picha za tangazo. Zipelekeni polisi pamoja na mita yenyewe.