Kumlipa dada wa Kariakoo nikiwa Amu: miezi minane na huduma ya kutuma pesa Tanzania kwa simu

Nauza leso hapa Amu, yaani Lamu, Kenya, kichochoro cha nyuma ya Ngome. Mzigo wangu mwingi nautoa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa dada mmoja tuliyeanza naye kama mteja na muuzaji, sasa ni mtu na shoga yake. Zamani nilikuwa natia pesa kwenye bahasha, namkabidhi dereva wa basi pale Mombasa, kisha silali mpaka nisikie zimefika. Ndiyo maana kampuni yangu ya simu ilipoleta menyu ya kutuma pesa moja kwa moja hadi simu ya Tanzania, niliruka nayo.

Haki yake niipe: ikikubali, ni dakika mbili. Unachagua nchi, unaandika namba na jina la mpokeaji, unaandika kiasi na sababu ya kutuma. Kabla ya namba ya siri kuna mstari mmoja unaokuonyesha mwenzako atapata shilingi ngapi za kwao. Huo mstari usome mara mbili. Mimi mwanzo nilikuwa naangalia ada tu, nikafurahi kuwa ni ndogo, kumbe gharama imekaa kwenye bei ya kubadilisha. Siku moja niliagiza doti 65 za shilingi 12,000 za Tanzania, jumla 780,000. Google ilikuwa inasema shilingi moja yetu ni 19.2 za kwao, nikapiga hesabu, nikatuma 40,700 nikijua zimetosha na chenji juu. Kampuni ilinibadilishia kwa 18.5. Kule zingefika 752,950. Hapo hakuna aliyeniibia, mstari ulikuwepo, ni mimi sikuusoma.

Nasema zingefika, kwa sababu hazikufika.

Kwenye sehemu ya jina niliandika lile ninalomwitia, la dukani. Kumbe Tanzania laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Jina nililoandika na jina la kitambulisho chake hayakuoana, muamala ukazuiwa. Kwangu simu ilisema zimetumwa. Kwake kimya. Nikapiga huduma kwa wateja: “Mama, sisi kwetu pesa zimeshatoka, mwambie mpokeaji aulize mtandao wake.” Naye dada akaenda kwenye duka la mtandao wake, akapanga foleni na kitambulisho mkononi, akaambiwa: “Dada, sisi hatujapokea kitu, mtumaji aulize kwao.” Siku nne tukawa tunarushiana ujumbe wa sauti, yeye akiogopa nitadhani amenila, mimi nikiogopa atadhani sikutuma.

Siku ya tano pesa zikanirudia. 38,900. Nilipouliza 1,800 zangu ziko wapi nikaambiwa zimebadilishwa kwenda na kubadilishwa kurudi. Yaani nimenunua shilingi za Tanzania nikaziuza, bila kuzishika hata moja.

Hapo ndipo nilipoketi kutafuta ni nani hasa wa kumlalamikia. Huku kwetu kuna Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya 2011, msimamizi ni Benki Kuu ya Kenya. Wenzetu wana yao ya 2015, chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Kampuni ya huku ina leseni ya huku, ya kule ina ya kule, na kinachoziunganisha ni mkataba baina yao ambao mimi sijapata kuuona. Muamala ukinasa katikati, kila mmoja yuko sawa mbele ya sheria yake. Maswali ya jina na sababu ya kutuma sina ugomvi nayo, hayo ni ya kuzuia utakatishaji wa pesa na nchi zote mbili zinayadai. Ugomvi wangu ni kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na ndani yake tuliahidiwa mtaji utembee bila kizuizi. Ile ya sarafu moja ilitiwa saini Novemba 2013, sarafu iwe imepatikana 2024. Mwaka huo umepita, sarafu hakuna. Bibi yangu akicheka, husema wao walikuwa nayo: mpaka 1966 shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Amu, Unguja na Dar es Salaam, na leso akizinunua bila kuuliza bei ya kubadilisha.

Kuna njia ya benki pia, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu za kanda, unatuma kwa shilingi zetu wenyewe bila kupitia dola. Kwa mzigo mkubwa ningeufuata huo. Kwa doti sitini na kitu, na dada asiye na akaunti ya biashara, haunifai.

Kwa hivyo nimebaki na simu, na naipa nyota tatu kati ya tano. Siku hizi dada wa Kariakoo ananitumia kwanza picha ya jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, yote matatu, nalinakili herufi kwa herufi. Natuma 1,000 ya majaribio, nangoja anijibu kwa sauti yake mwenyewe, ndipo natuma zilizobaki. Ada nalipa mara mbili, najua. Na ule ujumbe wa muamala siufuti mpaka mzigo uwe dukani.

Kwa mzigo wa mara ile nilituma pesa tena, 40,700 zile zile, kwa bei ile ile ya 18.5. Robota lilivuka kutoka Mokowe, upande wa bara, Alhamisi alasiri, punda wa kwanza akalileta mpaka mlangoni. Nikahesabu: doti 62.