Upinde wa kwanza wa kuwindia Marekani: upi ununue ukiwa na dola 500

Kila Agosti ikifika, swali ni lile lile kwa Waswahili wa huku: nina kama dola 500, nataka kuwinda kulungu msimu huu, nichukue upinde gani? Wanaouliza wengi hawajawahi kushika upinde. Aliyekulia Kenya alikuta uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na aliyekulia Dar au Bukavu nyama aliijulia buchani. Sasa yuko Ohio au Minnesota, kulungu wanamlia maua barazani, na jirani yake kila mwaka anajaza friza.

Jibu langu ni Bear Legit. Ila zile dola 500 usizimalize kwenye upinde, na usinunue chochote kabla hujajua vipimo viwili vya mwili wako.

Upinde tunaouzungumzia ni wa kompaundi, ule wenye kapi juu na chini. Aliuvumbua Holless Wilbur Allen wa Missouri, akapewa hataza mwaka 1969. Faida ya zile kapi ni kwamba ukivuta hadi mwisho, uzito wa kuvuta unashuka ghafla. Upinde wa pauni 60 unaopunguza asilimia 80 utaushikilia kwa pauni 12 tu, ukamsubiri kulungu ageuze ubavu. Lakini kapi hizo hizo zimetegwa kwa urefu maalumu wa mvuto, yaani umbali unaoweza kuuvuta ugwe, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa mtandaoni wanapoumia.

Urefu wa mvuto hupimwa hivi: simama mgongo ukutani, tandaza mikono, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kile cha mkono wa pili. Gawanya kwa 2.5. Ukipata inchi 70, mvuto wako ni kama inchi 28. Ukichukua upinde unaozidi hapo utaona mwenyewe: kichwa kinarudi nyuma kuufuata ugwe, bega la mbele linapanda sikioni, kiwiko kinajifunga, na ukiachia, ugwe unakuchapa kwa ndani ya mkono. Wiki moja ya hivyo na utasema kupiga upinde si kazi yako, kumbe tatizo ni inchi moja na nusu.

Kipimo cha pili ni nguvu. Kaa kwenye kiti, inua miguu isiguse sakafu, elekeza upinde mbele kisha vuta taratibu. Ukilazimika kuuelekeza mbinguni ndipo uvutike, punguza pauni. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo: Minnesota wanataka angalau pauni 30 kwa kulungu, Colorado 35, Ohio 40. Mwenye upinde wa pauni 45 au 50 anayelenga vizuri kwa yadi 20 anaangusha kulungu bila shida. Pauni 70 za nini, kama unavuta huku unatetemeka na kulungu anakutazama?

Kuna namba moja utakayotupiwa kila mahali, ya kasi: futi 310, 315, 320 kwa sekunde. Hupimwa kwa upinde wa pauni 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Wewe mwenye inchi 27 na pauni 50 hutaiona kasi hiyo, kwa hiyo usiongeze hata dola 20 kwa ajili yake.

Sasa orodha yangu.

Namba moja, Bear Legit. Mvuto wake unaenda kutoka inchi 14 hadi 30, uzito kutoka pauni 10 hadi 70, na unaurekebisha nyumbani kwa alenki bila mashine ya kubana upinde. Maana yake unaanza na pauni 40, misuli ya mgongo ikizoea unapanda 50, kisha 55, kwa upinde ule ule. Mkeo au kijana wako naye anaweza kuutumia, mkisharudisha vipimo. Unakuja na pini za kulengea, kishikilia mshale, podo, kitulizi (kijiti cha mbele cha kuutuliza upinde) na kitundu cha kuchungulia kwenye ugwe. Vifaa hivyo ni vya kawaida tu, lakini vinatosha kuanzia. Ubaya wake ni ufupi, inchi 30 kati ya ekseli ya kapi ya juu na ya chini, hivyo mtu mrefu huuona hautulii. Ukikuta kaka yake wa zamani, Cruzer G2 au G3, kwa bei nafuu na hali nzuri, chukua. Bei ya Legit hubadilika kila msimu, mara nyingi iko kati ya dola 350 na 450.

Namba mbili, Diamond Infinite Edge Pro, wa kampuni ya Bowtech. Pauni 5 hadi 70, inchi 13 hadi 31. Mwenye mikono mirefu aanzie hapa, maana ile inchi 31 Legit haifiki. Nimeuweka wa pili kwa sababu ya unavyohisi mkononi tu: mwisho wa mvuto wake naona unabonyea kidogo, hausimami imara, na mwanafunzi anahitaji kusikia kwamba hapa ndipo mwisho.

Namba tatu ni upinde wa mtumba wa kampuni kubwa, Mathews au Hoyt, wa miaka mitano hadi minane iliyopita. Kwa mwenye macho, hapa ndipo kuna thamani kuliko kote. Kwa asiyejua, ni pata potea. Kwanza, nyingi za aina hii hazina upana wa vipimo kama zile mbili za juu. Mwenyewe alinunua kwa inchi 29, wewe ni 27, na kipande cha kubadilishia kinauzwa peke yake, kama bado kipo. Pili, ugwe na nyaya huchakaa, na kuzibadilisha kunaweza kupita dola 100 ukihesabu na fundi. Tatu, mikono ya upinde, yaani vile vipande vinavyopinda juu na chini ya mshiko, hupata nyufa zisizoonekana. Nenda na pamba. Upinde ukiwa haujavutwa, pitisha pamba polepole kwenye kingo za mikono yote, juu na chini, ndani na nje. Nyuzi za pamba zikinasa popote, rudisha upinde na uage kwa heshima.

Namba nne, PSE Stinger. Imara, wa bei nzuri, lakini upana wake wa marekebisho ni mdogo. Unamfaa mtu mzima ambaye tayari anajua vipimo vyake.

Namba tano, Sanlida Dragon X8 kutoka China. Kwa bei yake unashangaza, na kujifunzia unafaa kabisa. Shida ni siku kitu kikilegea: duka la mjini kwako huenda halina kipuri chake. Zile zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni na picha ya simba, achana nazo.

Kwenye bajeti, kifyatulio cha mkononi, kile cha kushikia na kuachia ugwe, mara nyingi hakimo kwenye seti. Tenga dola 40. Mishale sita mizuri ni kama 50, chembe tatu za kuwindia (vichwa vya mshale vyenye makali) 30 au zaidi. Kwa pauni chache chukua chembe za makali yasiyokunjuka, kwani zile za kufunguka hula nguvu zikifunguka. Bao la kulengea gharama yake unaweza kuikwepa: gunia lililoshindiliwa matambara linasimamisha mishale ya mazoezi, ila chembe za kuwindia zitalichana. Mishale chagua na fundi, maana ugumu wake lazima ulingane na pauni zako, na uzito usishuke chini ya greni 5 kwa kila pauni ya upinde. Na ugwe usiuachie hata siku moja bila mshale. Nguvu yote inarudi kwenye upinde, na unaweza kupasuka mikononi mwako.

Nunua dukani ukiweza, hata kama mtandaoni ni nafuu kwa dola 30. Fundi atakuwekea kitundu usawa wa jicho lako na atakuangalia ukipiga. Omba kujaribu pinde mbili tatu. Maduka mengi yana uwanja wa ndani na hawashangai.

Kozi ya usalama wa uwindaji na leseni ni mambo ya jimbo lako, na New York wana kozi ya ziada kwa wa upinde. Muislamu anayekusudia kula windo lake hupiga Bismillah anapoachia mshale, na akimkuta mnyama bado yu hai anamchinja, basi kisu kikali kiwemo kwenye mkoba.

Kama msimu huu umekuponyoka, usikimbilie kununua sasa. Januari na Februari maduka hupokea modeli mpya na ya mwaka uliopita huteremka bei, nawe unapata miezi saba ya mazoezi kabla ya Septemba.