Hadubini ya USB kwa heller 20 za Tabora: nunua, lakini zima taa zake

Hadubini hizi ndogo zenye umbo la kalamu nene, taa nane mdomoni na maandishi "1000x" kwenye boksi, siku hizi wauzaji wengi wa sarafu za kale wanazo. Hapa imepimwa kwa kazi moja: kutenganisha aina za sarafu za heller 20 zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani wamefungiwa bahari na sarafu kutoka kwao haziji tena. (Heller ndiyo iliyotuachia neno "hela".)

Mihuri iliyotumika, yaani vyuma vya kupigia sarafu, ilikuwa zaidi ya mmoja. Upande wa D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki) una taji kubwa, aina A, au taji dogo, aina B. Upande wa pili tazama L mbili za neno HELLER. Ncha ikijikunja kwenye L ya pili tu, ni A. Zikiwa kali zote mbili, ni B. Zikijikunja zote mbili, ni C. Ongeza na madini, shaba nyekundu au shaba ya njano. Mwaka ni ule ule kwa zote, kwa hiyo thamani inatokana na mchanganyiko huo pamoja na hali ya sarafu.

Hiyo 1000x isikuhangaishe. Ncha ya L inaonekana vizuri kwa 10x, yaani kwa lenzi ya kawaida ya sonara. Ukishusha hadubini mpaka iguse sarafu, skrini inajaa madoa ya kutu na hujui tena uko kwenye herufi gani.

Kasoro kubwa ni taa. Zinamulika kutoka juu, pande zote kwa pamoja, kivuli kinapotea. Bila kivuli hutajua mstari umeinuka au umezama, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani yake wakati wa kupiga, na kwenye sarafu hubaki mstari ulioinuka. Mkwaruzo huwa umezama. Chini ya zile taa nane vyote viwili vinafanana, na mkwaruzo wa msumari unauzwa kama ufa wa muhuri. Zungusha gurudumu dogo la kwenye waya mpaka taa zizimike, laza tochi mezani imulike kwa ubavu, kisha geuza sarafu polepole huku tochi imetulia. Mstari ulioinuka unatupa kivuli upande ulio mbali na tochi.

Kuna kosa ambalo hakuna kifaa kitakachokusaidia nalo: ncha iliyojikunja ikisagika hubaki kama ncha kali. Kabla ya kuita upande wa HELLER aina B, tazama E zilizo pembeni mwa L. Kama mikono yake imelika, usiamue kwa L hizo.

Kwa madini, kamera hii haiaminiki kabisa. Inajirekebishia rangi yenyewe, na shaba ya njano iliyopiga weusi hutoka nyekundu. Tumia mizani inayosoma gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kikombe, usome. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, upate msongamano wa madini; wa shaba nyekundu ni mkubwa kuliko wa shaba ya njano. Sarafu ya gramu 11.20 itasoma karibu 1.25 ikiwa shaba nyekundu, na karibu 1.31 ikiwa ya njano. Tofauti ni ndogo, hivyo vipovu vya hewa vilivyoganda kwenye sarafu vinatosha kuigeuza nyekundu kuwa njano. Vipanguse kwa brashi laini kabla ya kusoma. Ndimu, majivu na dawa ya kung'arishia viache jikoni. Sarafu iliyosuguliwa imeshapoteza bei.

Hadubini inapolipa ni kwenye picha za kumtumia mnunuzi. Acha shingo inayopinda, inatikisika kila ukigusa meza. Chukua yenye stendi ya chuma. Ipandishe hadi sarafu nzima, yenye upana wa takriban milimita 29, iingie kwenye picha, na usibadilishe kimo hicho kwa sarafu zote. Weka rula pembeni. Ukipiga moja karibu na nyingine mbali, taji dogo linatoka kubwa, na mnunuzi atakurudishia mzigo.