Kalibu za sabuni ya nazi: uzoefu wangu hapa Mombasa

Napika sabuni nyumbani, Kisauni, na wengi wanaotaka kuanza kazi hii huniuliza wanunue kalibu gani, yaani chombo cha kumiminia sabuni igande. Mimi huwauliza kwanza: sabuni yako ni ya mafuta gani? Dukani utaona za kila umbo na kila rangi, na zote zitakupendeza. Lakini kalibu inayomfaa mtu wa mafuta ya zeituni inaweza kumsumbua sana mtu wa nazi, na sisi wa Pwani wengi wetu ni watu wa nazi.

Sabuni ya nazi tupu huganda upesi na huwa ngumu mno. Ukiimimina kwenye kalibu ndefu ukaiacha mpaka asubuhi, mche ule haukatiki, unavunjika. Ukitaka kuukata itabidi uamke nao usiku. Ndiyo maana kalibu yangu ya kila siku ni ya silikoni, yenye vikombe sita, kila kimoja kikibeba kipande cha gramu 100 hivi. Unamimina, unasubiri igande, unasukuma kwa kidole gumba kutoka chini, na kipande kinatoka kizima. Kwa sabuni ya chumvi ndiyo usiseme. Mimi hutia chumvi ya Gongoni iliyosagwa laini, na sabuni hiyo hukaza ndani ya saa chache tu. Kwa kazi hiyo sijaona kalibu nyingine ya kuishinda hii.

Kabla hujalipa, ikunje kalibu kwa nguvu na utazame pale ilipokunjika. Pakigeuka peupe, jua silikoni imechanganywa na vitu vingine. Silikoni nzuri hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, na sabuni yetu haifiki hata 100. Tazama na unene wake pia. Nyembamba huyumba ukiinyanyua, kwa hiyo iweke juu ya ubao au sinia kabla ya kumimina, usimimine ndipo utafute pa kuiweka.

Zenye maua ya waridi na nakshi nyingi sizipendekezi hata kidogo. Mapovu ya hewa hunasa kwenye zile petali, ncha zake hukatika sabuni inapotolewa, na kwa unyevu wa mji huu vijitundu vyote vile hujaa jasho. Chukua ya mstatili au ya duara, yenye kingo laini.

Kalibu ndefu nayo ina kazi yake, kama unachanganya nazi na mafuta mengine yanayoilainisha. Ile ya silikoni hutanuka ubavuni ikijaa, na vipande vya katikati vinakuja vinene kuliko vya mwisho. Dawa yake ni kasha la mbao la kuishikilia. Langu alinitengenezea fundi seremala kwa mbao za mwembe, bei nafuu, na limetulia vizuri. Ila mbao hutunza joto. Wakati wa kusi napenda hivyo, lakini kaskazi ikivuma na jua la Januari na Februari, sabuni yenye asali au tui hupanda moto, hufura na kupasuka juu. Miezi hiyo sifuniki kasha kwa taulo. Naliweka mbele ya feni.

Kujua kiasi cha mafuta, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.69, utapata gramu za mafuta. Kalibu ya 25 kwa 9 kwa 6.5 inachukua takriban kilo moja.

Kwa asiye na pesa, pakiti za maziwa na juisi zinafaa kuanzia, na unazichana tu sabuni ikishaganda. Angalia ndani zisiwe na mikwaruzo, kwa sababu zile za maziwa ya muda mrefu zina tabaka la alumini chini ya plastiki. Alumini na kostiki soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, havikai pamoja: huchemka, hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na chombo huliwa. Kwa hiyo sufuria za kawaida na trei za keki za alumini ziache kabisa.

Sabuni ikigoma kutoka kwenye silikoni, itie kwenye friza kwa saa moja. Ikitoka itatoa jasho. Usiifute, iache ikauke kwa upepo, kisha ipange kwenye rafu wiki 4 hadi 6 kabla ya kuitumia.

Na silikoni hushika harufu. Ya karafuu hupungua ukiiosha kwa maji moto, lakini ya mafuta ya mkilifi (mwarobaini) haiondoki, kwa hiyo nina kalibu ya mkilifi peke yake. Wala hakuna hata moja inayorudi jikoni kuokea keki.